Jua la Usoni

Jumatatu, 24 Februari

Limefika. Jioni tulipokata kona ya kiwanda cha matofali na kuingia barabara ya nyumbani, jua lilikuwa limekaa mwisho kabisa wa lami, chini, kidogo upande wa kushoto, linatungoja. Kila mwaka majira haya ni hivyo. Barabara yetu imenyooka kama upindo wa shuka, ncha moja mashariki na nyingine magharibi, na sisi tumejenga upande wa hasara: asubuhi tunakwenda mjini jua likitupiga usoni, jioni tunarudi limeshazunguka, linatupiga usoni tena. Shangazi husema aliyetuchagulia kiwanja alikuwa na kinyongo na ukoo huu. Aliyetuchagulia ni baba yake mwenyewe.

Baba alifunga breki ghafla mpaka helmeti yangu ikagonga yake. Kulikuwa na mama mmoja mwenye beseni la nyanya anavuka kutoka kushoto. Hatukumgusa, lakini alishtuka, beseni likamtoka, na maneno aliyotuambia siwezi kuyaandika kwa sababu nimelelewa vizuri.

"Samahani sana, mama," Baba akamwambia. "Jua limenipiga."

Yule mama aligeuka akalitazama jua, akafunika macho kwa mkono, hasira ikampungua. Nikashuka tukaokota nyanya pamoja. Jua ni kisingizio ambacho kila mtu anakikubali, maana yuko tayari kukitumia kesho.

Baba ni dereva wa bodaboda tangu pikipiki zilipokuwa za kuhesabika hapa kwetu. Kijiwe chake kiko mbele ya geti la kituo cha afya. Mimi nashona sare za shule kwenye karakana ya huko mjini, na tangu niliporudi nyumbani na cherehani, masanduku mawili na bila mume, yeye ndiye anayenipeleka na kunirudisha. Abiria wake wa kwanza asubuhi ni mimi, na wa mwisho jioni ni mimi. Hajawahi kuniuliza ndoa ilikwendaje. Alisema tu, "Vaa helmeti, mama, tutachelewa."

Jumatano, 26 Februari

Kobe ametuletea dawa ya jua. Kobe ndiye mwenye mwendo mkali kuliko wote kijiweni, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alifundishwa kuendesha na Baba na anamheshimu kama mzazi, isipokuwa kwenye mwendo.

Dawa yenyewe ni utepe mweusi, ule wa mafundi umeme. Aliukata, akaubandika kwenye kioo cha helmeti ya Baba, juu, upana wa vidole viwili, kutoka sikio hadi sikio.

"Mzee, ukikutana na jua usifumbe macho, wala usitoe mkono kwenye usukani. Inamisha kidevu kidogo tu, hivi, mpaka jua lijifiche nyuma ya utepe. Barabara inabaki chini, unaiona yote."

Tatizo, aliubandika umepinda. Mimi kitu kilichopinda kinaniwasha mwili mzima. Nilimnyang'anya ile roli ya utepe, nikaubandua, nikapima, nikabandika upya ukakaa sawa. Kobe akasema karakana wamenikosea, walipaswa kunipa kazi ya kunyoosha barabara. Baba alivaa, akainamisha kidevu, akageukia jua.

"Uko vizuri," akasema. "Mkono wa fundi huu."

Ijumaa, 28 Februari

Utepe unafanya kazi. Wiki imekwisha hakuna breki ya ghafla.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika, na nikikasirika mshono unakwenda kombo, kwa hiyo leo nimefumua kola za watoto wa watu mpaka bosi akanitazama.

Mkunga amehama. Huyu mama anafanya kazi kituo cha afya, anakaa mbele kidogo ya kwetu, na Baba amembeba miaka na miaka, mvua na jua, hata siku ambazo mtoto wa mtu hakungoja kukuche. Leo asubuhi ametupita amekaa nyuma ya Kobe, mkoba mapajani. Nilimpungia mkono. Aliniona, nina hakika aliniona, kisha akaangalia pembeni.

"Mkunga vipi?" nikamuuliza Baba tulipofika.

"Ana haraka siku hizi. Kobe anakimbia."

"Mtoto hazaliwi kwa mwendo wa Kobe."

Baba alicheka kidogo, akatoa chupa yake ya dawa ya vumbi mfukoni, akadondoshea macho. Vumbi la mwaka huu limemkamata vibaya. Mimi sikucheka. Mtu unambeba ujana wake wote, akiona pikipiki mpya anakuhama bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi

Kwenye chakula Baba amelipiga jagi la maji kwa kiwiko. Shangazi alikuwa ameliweka kushoto kwake. Maji yote mkekani.

"Wewe mdogo wangu," Shangazi akasema, "hayo macho ni yako au umeazima?"

Mimi ndiye niliyemtetea, maana Shangazi akianza hamalizi. Nikachukua sindano yangu nyembamba kuliko zote, ile ya kushonea vifungo vya mashati, na uzi mweusi, nikampa Baba. Alilamba uzi, akaushika mbele ya pua, akautunga mara moja. Hakurudia. Mimi mwenyewe siku hizi narudia mara mbili, na msichana wa meza ya jirani yangu karakana, macho yake mapya kabisa, anarudia mara tatu.

"Umeona?" nikamwambia Shangazi. "Macho ya kutunga uzi hayo. Pale ni jagi lilikaa vibaya."

Kwetu sisi mafundi hakuna kipimo kingine cha macho. Anayetunga uzi anaona, asiyetunga hana macho, basi. Shangazi aliichukua ile sindano akaitazama, kisha akamtazama Baba, akaenda kutafuta tambara.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kuosha helmeti. Kobe amesema kosa kubwa tunalofanya ni kufuta kioo kikavu. Vumbi linakwaruza, na jua likiingia kwenye mikwaruzo linatawanyika, kioo chote kinakuwa cheupe kama maziwa. Sasa tunamwagia maji kwanza, vumbi liondoke lenyewe, halafu kitambaa laini. Nimeleta mabaki ya flana kutoka karakana.

Kioo cha Baba kilikuwa kimechoka, tumemfungia kipya. Utepe nimeubandika mimi tena, na nimeuongeza upana kidogo kwa sababu jua linazidi kusogea katikati ya barabara. Nilimuuliza kama haumzuii.

"Hapana. Uko vizuri, mama."

Nimefurahi siku nzima kwa kitu kidogo hicho. Tangu mama yangu afariki hakuna kitu ambacho nimeweza kumfanyia Baba akakivaa kila siku.

Alhamisi, 13 Machi

Jioni ya leo ilikuwa kali mno, hata mimi nyuma ya mgongo wake nilikuwa natokwa na machozi. Tulipofika ukuta wa ghala la saruji Baba akaingiza pikipiki pembeni na kuzima.

"Tungoje lizame. Hakuna anayetufukuza."

Tulikaa kwenye tofali, mgongo ukutani, karanga zikiwa kwenye mfuko wangu wa aproni. Lori zilikuwa zinapita na kila dereva amekunja uso kama aliyelamba ndimu. Baba alinieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba hatari kubwa ya jua si ukiwa nalo usoni. Ukiwa nalo usoni unajua huoni, unapunguza mwendo. Hatari ni likiwa mgongoni. Wewe unaona kila kitu kizuri, rangi zote zimeng'aa, unajiona mfalme, na unayekutana naye hakuoni hata kidogo.

"Ukiona kivuli chako kimekutangulia, kirefu, basi ujue wewe umeshafutika. Washa taa, na umsubiri yule mwenzio kama kipofu."

Nilimwambia angekuwa mwalimu. Akasema mwalimu anastaafu.

Jumatatu, 17 Machi

Tumekaa ukutani tena. Karanga zimeisha mapema.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi, mtu wa baiskeli mwenye kreti za mayai. Alikuwa kushoto kwetu, anakwenda njia moja na sisi, na Baba akamsogelea tu, taratibu, kama mtu anayehamia nyumba ya jirani. Nilimpiga bega. Akarudi. Yule wa baiskeli alitutazama amekodoa macho, mkono umeshika kreti.

"Jua," Baba akasema.

Nikasema ndiyo, jua. Lakini mkono niliompigia bega niliuacha pale pale begani mpaka tulipofika karakana, na sijui kwa nini, maana hakuna kilichovunjika, hata yai.

Alhamisi, 20 Machi

Leo limekaa katikati kabisa. Ukisimama barabarani unaona lami inaingia ndani ya jua, na watu wanatoka humo weusi weusi, huwezi kujua nani ni nani mpaka akusalimie.

Ukutani nilimwambia Baba apumzike wiki hizi, aendeshe mchana tu. Alichezea kamba ya helmeti muda mrefu.

"Nikikaa nyumbani, asubuhi Shangazi yako ananituma sabuni, mchana ananituma chumvi. Na pale kijiweni baada ya mwezi hawatakuwa wakisema Mzee. Watasema yule mzee. Mimi nimelea nyumba ile juu ya kiti hiki. Mama yako nilimchumbia juu ya kiti hiki, alikaa upande upande, miguu yote kushoto, nikaogopa kukata kona. Nikiacha pikipiki, mama, nitakuwa nani?"

Nikamwambia atakuwa Baba. Akasema hiyo ni kazi ya jioni tu.

Jumatatu, 24 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu tangu jioni yananijia vipande vipande.

Mawingu yalitanda tangu alfajiri. Mchana kutwa hapakuwa na kivuli hata cha nguzo. Karakana walituachia mapema tuwahi mvua, Baba akaja kunichukua, na akataka kupitia kijiweni kuchukua koti lake la mvua. Barabara ilikuwa kavu na kijivu, ya kuangalia bila kukunja uso. Nakumbuka niliwaza, leo hatuhitaji utepe.

Pale kijiweni pana sakafu ya saruji mbele ya geti, na Kobe husimama hapo hapo kila siku, kushoto unapoingia, mkono ameunyoosha ili Baba akipita wagongane viganja. Mimi nilimwona tangu mbali. Ana shati lake la njano, hata mbuzi angemwona. Baba aliwasha taa ya kushoto, akapunguza mwendo, akakata kushoto, moja kwa moja, juu ya Kobe.

Kobe hakuruka kwa sababu hakudhani. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Usukani ulimpiga ubavuni, akaanguka, pikipiki ikaangukia mguu wake, na mimi nikaangukia kiwiko. Nilisikia mfupa. Nilitamani sana iwe ni kitu cha pikipiki kilichovunjika, lakini chuma hakilii vile.

Baba alisimama katikati ya watu, helmeti kichwani, anageuza kichwa huku na huku.

"Umetokea wapi?" alikuwa anamuuliza. "Umetokea wapi, mwanangu? Umetokea wapi?"

Kobe alikuwa amelala pale pale anaposimama siku zote.

Madereva wakainua pikipiki. Mmoja wao akasema, "Utelezi." Mwingine akaitikia, "Utelezi huu, saruji hii mbaya." Kobe, uso umejaa jasho, akamshika Baba suruali na kumwambia, "Utelezi tu, Mzee. Usijali. Nimeteleza mimi, umeteleza wewe." Sakafu ilikuwa kavu kiasi kwamba vumbi lilikuwa limemshika mgongo mzima. Ndipo mvua ikaanza, matone makubwa, na wakati tunamwingiza ndani ya geti kila kitu kilikuwa kimelowa, na waliochelewa kuja wakaona utelezi kwa macho yao.

Aliyempokea ni mkunga. Alipasua ule mguu wa suruali kwa mkasi. Kisha aliniangalia mimi, siyo Baba.

Jumanne, 25 Machi

Jana hakukuwa na jua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Baba hakutoka, amesema pikipiki imepinda usukani. Kweli imepinda, lakini fundi angeinyoosha kwa muda wa kunywa chai.

Jioni alikuwa anamsomea Shangazi gazeti, habari za mpira, herufi ndogo zile za chini, hakosei hata moja. Nikaenda nikakaa kushoto kwake. Nikainua mkono wangu hadi usawa wa sikio lake, nikaanza kuusogeza mbele polepole. Ulipita sikio. Ulipita shavu. Aliendelea kusoma. Vidole vyangu vilikuwa karibu kugusa gazeti ndipo akashtuka.

"Una nini, mama?"

"Nzi."

Akarudi kwenye mpira wake. Shangazi alikuwa ananitazama. Alinyanyua jagi la maji akaliweka mbele ya Baba, katikati, anapoweza kulifikia. Nikagundua kwamba siku nyingi jagi halijamwagika, na kwamba si Baba aliyebadilika. Shangazi huyu ninayemwona kila siku kazi yake ni kuchokonoa tu, alikuwa ameshahamisha kikombe, kigoda, na ndoo ya mlangoni. Nimemdharau bure.

Nilitoka nikaenda kusimama uani kwenye mvua, nikalia. Nilikuwa nampima kwa sindano, kipimo changu mimi, mambo ya mbele ya pua.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa mkunga. Alinifungulia mlango kama mtu aliyekuwa anangoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kununa au umekuja kuuliza?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza. Akanikalisha.

"Mwezi wa kumi na mbili nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Alikuwa nusura amgonge mtu getini, mimi nikiwa nyuma. Ni presha ya macho. Haiumi, haionekani, inakula kuona kwa pembeni, pole pole, mwenyewe hajui. Ile chupa si dawa ya vumbi. Daktari alimwambia aache pikipiki siku ile ile."

"Na wewe ukanyamaza."

"Alinishika mikono akaniomba. Mtu ambaye hajawahi kuniomba hata aongezewe nauli. Akasema mwaka mpya ataacha. Mwaka mpya ukapita, akasema mwezi wa pili ukiisha. Ulipoisha nikamwambia, basi mimi sitakusema, lakini sitapanda tena. Nilijua utaniona kwa Kobe. Nilijua utakuja kuniuliza kwa nini. Ukaninunia."

Alinimiminia chai, ikapoa, akanimiminia nyingine. Aliposema kwamba sasa Kobe atakaa na plasta miezi na yeye anajua ni nani angemzuia Baba, aliangalia pembeni kama siku ile, nikaona kwamba nilichokidhania kiburi siku zote hizi kilikuwa ni aibu.

Jumatatu, 31 Machi

Baba alikuwa uani, anaipangusa pikipiki ambayo haijaenda popote. Nikasimama mbele yake, siyo pembeni.

"Baba, nilikwenda kwa mkunga juzi."

Aliendelea kupangusa tangi la mafuta.

"Jua lilikuwa linakupiga kweli?"

"Linanipiga," akasema. "Linanipiga kuliko zamani. Lakini hata lisiponipiga, mama." Akakunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Nilikuwa nalingoja. Tangu mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nalingoja hili jua. Nilijua likifika mwisho wa barabara kila mtu atafunga breki, kila mtu ataomba radhi. Nitakuwa mmoja wao tu."

"Na mimi ulikuwa umenipakia nyuma."

"Najua."

"Ungeniua, Baba."

"Najua, mama. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo nitamwambia. Halafu unatoka umevaa helmeti."

Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata kwa yule niliyemwacha. Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nikauliza kitu kidogo, kitu cha kijinga.

"Na ule utepe?"

Alikitandaza kitambaa juu ya kiti cha pikipiki.

"Nilichobaki nacho ni kama tundu, mbele tu. Utepe ulikula tundu upande wa juu. Ulipoupanua nikawa naona gurudumu langu na kipande cha lami."

"Kwa nini hukuubandua?"

"Uliubandika wewe," akasema. "Ulikuwa umefurahi."

Akachomoa ufunguo, akatazama ulipo mkono wangu, akaukosa kidogo, kisha akauweka ufunguo kiganjani.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumekwenda kwa miguu kumwona Kobe. Njia nzima Baba alinishika kiwiko, kile chenye kidonda, sikumwambia. Alimweleza Kobe kila kitu, amesimama, kama mtu aliyeitwa mbele ya ofisi. Kobe alilia zaidi kuliko siku ya mguu. "Mimi ndiye niliyekuletea utepe, Mzee," akasema. Baba akamwambia utepe haukuwa na kosa, ni wa watu wenye macho.

Kisha Kobe akanigeukia, akapangusa pua. "Na hiyo pikipiki mnaiacha ioze? Jifunze, dada. Wewe unaona mpaka uzi uliopinda."

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi ameunyoosha usukani, na leo pikipiki imenizimikia mara nyingi hata aibu imeniisha. Klachi ina roho mbaya.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempeleka Baba kwa daktari, kwa basi. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yote. Daktari aliongea taratibu na vizuri, Baba akaitikia "sawa" kila mahali penye nukta. Tulipotoka aliuliza kama nimekula.

Jioni alinifundisha kona, amekaa kwenye tofali uani, anasikiliza injini. Anajua gia niliyomo kwa sauti. Mara moja tu alikosea, akasimama kunionyesha jambo, akatembea akagonga kamba ya nguo. Tulijifanya hatukuona, mimi na Shangazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nina leseni. Leo nimempakia Baba kwa mara ya kwanza, tumemtembelea Kobe, na Kobe ameanza kukanyaga chini kwa magongo. Pale kijiweni walimwita Mzee. Mmoja aliniambia niendeshe pole pole, mzigo nilioubeba hauna spea.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imekatika na mawingu yamepasuka magharibi. Tulipokata kona ya kiwanda cha matofali likatutokea. Limeanza kuhama, liko kidogo upande wa kulia, lakini lami ilikuwa imelowa na kulikuwa na majua mawili, moja juu na moja chini, na katikati yake hakuna kitu. Sijawahi kuogopa vile. Helmeti yangu nayo ina utepe mwembamba, niliubandika mwenyewe. Nikainamisha kidevu. Lile la juu likajificha, la chini likabaki.

"Limekuja?" Baba akauliza nyuma yangu.

"Limekuja."

"Ukuta wa ghala uko wapi?"

"Hapo mbele."

"Basi ingia. Hakuna anayetufukuza."

Nikaingiza pembeni, nikazima. Tulikaa kwenye matofali yetu. Sikuwa na karanga. Baba alikuwa amegeuza uso kule kule, amekunja macho, chozi linamshuka, na hakuwa anakwepa.

"Usiliangalie, Baba. Litakuumiza."

"Naliona lote," akasema. "Mviringo mzima, halijapungua hata kidogo. Wewe uliyekaa hapo ndiye ninayekusikia tu."

Nilikuwa begani kwake, kushoto, mahali ninapokaa siku zote. Nikasimama, nikaenda mbele yake, katikati, nikajipanga mpaka jua likawa nyuma ya kichwa changu na kivuli changu kikamfunika uso. Macho yake yakafunguka pole pole.

"Sasa?"

"Sura siioni, nyuma yako kunawaka," akasema. "Lakini ni wewe. Kaa hapo hapo, mama, usisogee."

Nikakaa hapo hapo mpaka likazama.